Kichupa cha Binadamu na Ndoo ya Chumvi

Niliporudi Msambweni na diploma yangu ya maabara, niliyojilipia mwenyewe kwa kufua mashuka ya hoteli kule Diani, nilihakikisha hakuna aliyekosa kuiona. Shangazi yangu, muuza barafu za ukwaju, aliitundika juu ya friza yake. Alisema hapo ndipo wateja wanapotazama.

Jumamosi moja umeme ulikatika kazini, kwenye maabara, na jenereta ikakataa kuwaka. Ndani ya friza yetu mlikuwa na kichupa kidogo kuliko kidole changu cha mwisho, chenye kimeng'enya tulichokingoja wiki nyingi. Kikipata joto basi, kimeharibika, na saini ya kukipokea ilikuwa yangu. Nilikitia kwenye chupa ya chai iliyojaa barafu, nikakimbilia kwa shangazi, ambako umeme ulikuwapo.

"Shikamoo, shangazi. Naomba nafasi kwenye friza."

"Marahaba. Umebeba nini?"

Ningesema dawa, yangekwisha. Lakini mtu hasomi bure. "Ni kimeng'enya cha binadamu," nikasema. "Kazi yake ni kubandika sukari kwenye protini."

Akaweka mkono juu ya mfuniko. "Binadamu gani?"

"Si mtu fulani. Kimetengenezwa maabara, kwa kuiga kile kilichomo mwilini mwetu."

"Mbona kinaitwa cha binadamu? Cha mtu huzikwa, mwanangu, hakilazwi na ukwaju wa watoto. Tena kinatia sukari! Mimi sukari ninayo ya kunitosha, hata halua nimekatazwa."

Nikaeleza upya, vizuri zaidi. Chupa ilikuwa imeanza kutoa jasho, na mimi pia.

"Diploma imekufunza kusema," akanikata. "Kugandisha je?"

Akaleta ndoo, akaponda barafu, akaimwagia chumvi ya mawe kwa viganja. "Kwenye friza hakiingii. Kitie humu. Usichovye kidole, kitaungua kwa baridi."

Chumvi na barafu! Kwamba chumvi huzidisha baridi ya barafu, swali hilo nililijibu kwenye mtihani nikapata alama zote. Siku ile halikunijia.

Tulikaa na ndoo hadi umeme uliporudi kazini, yeye akiongeza chumvi, mimi nikisoma kwa sauti kipimajoto nilichokuja nacho ili majirani wajue kuna mtaalamu.

Jumatatu tukakijaribu, na kimeng'enya kikafanya kazi yake. Nilikwenda mwenyewe kumpa habari.

"Alhamdulillahi," akasema. "Sasa mrudishieni mwenyewe."