Mkanda wa Gari la Baba Mukwe

Watu wananiuliza mpaka leo kwa nini niliachana na mke wangu, na nikijibu kwamba ni kwa sababu ya mkanda wa gari, wanacheka. Wacheke tu. Hata wakwe zangu walicheka.

Tulikuwa tumegombana juu ya dada yangu, aliyekuja kututembelea akakaa moja kwa moja, na mke wangu akarudi kwao, hapa hapa Kamina. Kwetu mke akirudi kwa baba yake, mume ndiye anayekwenda kumwomba, tena kwa adabu. Basi Jumapili moja nikavaa shati jeupe, nikapanda pikipiki, nikaenda. Nilimtaka mke wangu. Nyumba ilikuwa imenishinda, usingizi umenikataa, na sikuona haya kumwambia mtu yeyote.

Baba mukwe hakunipa hata kiti. Alikuwa kivulini na watoto wake wawili wa kiume, wanakunywa munkoyo wa mahindi. Mbele yao gari lake kuukuu, boneti imeinuliwa, injini nje nje.

“Mukwe, bibi yako utamupata,” alisema. “Kwanza unitilie kuruwa. Gari ikiwaka, unamubeba.”

Akanitupia hiyo kuruwa, mkanda wa injini, miguuni.

Haya. Mimi ni karani, lakini mkanda haunitishi; wa gari la kaka yangu nimeubadilisha mwenyewe. Nililegeza bolti za alternata, nikaisukuma ndani, nikauvisha mkanda kwenye puli ya chini, kisha ya pampu ya maji, nikauvuta kuelekea ya alternata. Haukufika. Nikavuta tena. Vidole vikabanwa, ngozi ikachunika.

“Papa, hii iko fupi.”

“Fupi ni mikono yako!”

Shemeji mkubwa alicheka mpaka akamwaga munkoyo. “Karani, vuta! Ile haiko kalamu!” Hata mama mukwe, ambaye kwa desturi haonani na mimi uso kwa uso, nilimsikia nyuma ya pazia, anacheka kwa pua.

Mke wangu alikuwa amekaa mlangoni pa jiko, anachambua matembele, kichwa chini, mabega yanatikisika. Nilifikiri analia. Maskini mimi! Nikavuta kwa nguvu zaidi, kwa ajili yake.

Jua likawa kali. Shati likawa jeusi, damu ikachanganyika na grisi. Nikaomba ruhusa ya kwenda sokoni kutafuta mkanda mwingine.

“Ukitoka mu hii lupango,” baba mukwe alisema, akionyesha geti la ua wake, “usirudie tena.”

Nikainama tena kwenye injini. Ningefanya nini?

Waliponichoka, yule mzee alimgeukia binti yake. “Basi, mama. Mupatie.”

Mke wangu akasimama, akafungua liputa, kitenge chake cha juu. Kiunoni alikuwa amevaa mkanda mwingine, mpya kabisa. Akaushusha mpaka chini, akautoa miguuni, akaniletea. Machozi yalikuwa yanamtoka kweli, ya kicheko.

“Ile njo ya hii gari,” alisema. “Ya kwanza tuliitoa mu gari ingine.”

Nikaupokea. Ulikuwa na joto la mwili wake bado.

Uliingia mara moja. Niliisukuma alternata nje kwa kipande cha chuma, nikakaza bolti, nikawasha. Gari likanguruma vizuri, mkanda haukulia hata kidogo. Mashemeji wakapiga makofi.

“Mwanaume kweli!” baba mukwe akasema, na nadhani hapo hakuwa anatania. “Mubebe bibi yako.”

Kumbe kifurushi chake kilikuwa tayari. Akatoka nacho, amejipaka mafuta, amevaa viatu vya kanisa. “Twende, bwana yangu. Tulikuwa tunacheka tu na weye.”

Nilimwangalia. Jamani, alikuwa mzuri, na nilimtaka vilevile nilivyomtaka asubuhi. Lakini nilikuwa na hasira: niliona tena yale mabega yaliyotikisika kwa kicheko.

“Bakia,” nilimwambia. “Weye unacheka muzuri na batu ba kwenu.”

Hakuna aliyecheka. Nikauacha ufunguo wa gari ukining’inia, injini inaendelea kuwaka, nikapita getini.

Alinifuata barabarani na kifurushi chake, ananiita mbele za watu waliotoka kanisani. Kwanza aliita kwa hasira, halafu kwa kubembeleza, halafu akawa analia, na safari hii alikuwa analia kweli. Sikugeuka. Kama ningegeuka, ningemchukua.