Kitambaa cha Watoto wa Porini

Hasira nyingine huisha mtu akishakula na kulala. Hii yangu haijaisha, na wala siiombi iishe.

Mimi ni fundi cherehani hapa Handeni mjini. Nashona kwenye baraza moja na mwenzangu, mama wa Kishambaa aliyeolewa huku kutoka Kwashemshi. Yeye anakata, mimi nashona. Zipu na upindo tunasaidiana. Mwaka ule mkuu wa shule moja ya sekondari, shule iliyo ndani huko, ukishapita mashamba ya mahindi, alitujia barazani. Wazazi walikuwa wamekubaliana sketi za wasichana wa kidato cha kwanza zishonwe mahali pamoja, ziwe za rangi moja, kijani cha kukolea. Akatuchagua sisi. Kwa mafundi wa barazani ile ilikuwa kazi ya kuombea dua.

Tukaenda Korogwe kutafuta kitambaa, maana Handeni tusingepata majora ya kutosha ya rangi moja. Tuliingia duka la jumla, si mbali na stendi. Mwenye duka alitupokea kwa bashasha, akatuita wateja wake wakubwa.

Sikununua kwa macho. Kitambaa nilikifikicha kwa vidole. Nilichomoa nyuzi za pembeni nikazichoma kwa kiberiti, nikanusa nijue ni nyuzi za aina gani. Nikachovya pembe kwenye kikombe cha maji, nikaikamua juu ya leso yangu nyeupe. Leso ilibaki nyeupe. Ndipo nikachagua majora, moja moja, kwa mkono wangu mwenyewe.

"Kaeni mnywe soda," alisema tajiri, yule mwenye duka. "Vijana watawafungia kwenye viroba nyuma huko. Msihangaike, mama zangu."

Tukakaa, tukanywa. Viroba vikatoka stoo vimeshashonwa midomo, vikapelekwa moja kwa moja kwenye basi la Handeni.

Nyumbani tulipovifungua, rangi ilikuwa ile ile na mhuri wa ukingoni ule ule. Tukashona mpaka mabega yakakakamaa. Marinda yalisimama vizuri, mkuu wa shule akaja akazichukua sketi huku anatusifu.

Shule ilipofunguliwa, mvua ikawakuta wanafunzi njiani. Kesho yake asubuhi, kabla sijaondoa kifuniko cha cherehani, akina mama walikuwa wameshajaa barazani. Wa mbele yao, mkulima jirani na shule ile, alinitupia sketi mapajani. Hakunisalimia.

"Fundi, hiki ni nini? Mwanangu kaingia darasani miguu ya kijani! Shati limeharibika, soksi zimeharibika. Wavulana wamempachika jina. Leo kajifungia ndani, kasema shule basi. Nikamwambie nini mimi?"

Niliitazama sketi. Rangi ilikuwa imechuja kwa mabaka, kitambaa kimerudi na kuwa kifupi hadi marinda yamejikunja, na kwenye mishono nyuzi zilikuwa zinaachia zenyewe. Mwenzangu alikimbilia majora yaliyobaki, akakata kipande kwenye moja, akakitia kwenye ndoo. Maji yakawa kijani palepale, mbele ya wote.

"Siyo yale tuliyochagua," alisema taratibu. "Wametubadilishia stoo."

Yule mama alitutazama, akasema, "Hayo ni yenu na Korogwe. Mimi mwanangu yuko ndani analia." Akaondoka. Na alikuwa na haki.

Tulipanda basi la kwanza. Nilibeba sketi zilizoharibika, mwenzangu akabeba lile jora alilolikata. Mengine tuliyapakia nyuma. Dukani kulikuwa na wateja wengi, na tajiri aliponiona alitabasamu. Nikamwekea sketi mezani.

"Mlifua na sabuni gani?" aliuliza, hata kuishika hakuishika.

"Haikufuliwa. Imenyeshewa."

"Basi ni mambo ya ushonaji hayo. Mafundi mnatumia uzi mbovu, mkiharibu mnakuja kwetu."

"Uzi unatoa rangi ya kijani?"

Akavuta pumzi, akainama kidogo kama mtu anayempa mtoto siri. "Mama, tusisumbuane. Shule yenyewe ya porini. Watoto wanakanyaga matope toka asubuhi. Sketi iwe kijani, iwe imepauka, nani anawaona huko?"

Nimetukanwa mara nyingi katika kazi hii, na matusi huwa nayaacha yapite. Lakini lile halikupita. Kumbe mtu huyu hakukosea. Alikaa, akafikiri, akaona kuna watoto wanaostahili kitambaa na wengine ambao chochote kitawatosha. Mimi nimezaliwa Handeni vijijini. Sare yangu ya shule ilikuwa moja. Mama aliifua jioni, tukaianika juu ya mafiga jikoni ikauke. Hao ndio watu ambao hakuna anayewaona.

Nilitoka nje, nikamwomba mama ntilie wa pembeni beseni na maji. Alinipa bila kuuliza. Nikaliweka beseni mlangoni pa duka, katikati kabisa, nikatumbukiza kitambaa. Mwenzangu akavua kilemba chake cheupe cha kanisani, akakitumbukiza humo humo, akakikamua na kukiinua juu. Kilikuwa kijani.

"Hiki ndicho anachotuuzia!" alipaza sauti. Sijawahi kumsikia akipaza sauti vile, si kabla wala baada ya siku ile.

Watu walisimama. Mama mmoja aliyekuwa anapimiwa kitambaa cha harusi ya binti yake alikusanya mkoba wake akatoka. Tajiri akaja mbio.

"Mama, ingieni ndani tuongee kiutu uzima."

"Utu uzima uko hapa hapa mlangoni," nilimwambia. "Lete majora tuliyochagua. Na kila moja litaingia kwenye beseni kabla halijafungwa."

Akayaleta. Tulichovya moja baada ya lingine, na viroba tulivishona wenyewe. Lakini nilipogeuka nikaona vijana wanayarudisha yale mabovu stoo.

"Hayo unapeleka wapi?"

"Ni mali yangu, mama. Umeshapata chako, nenda salama."

Nilishikwa na hamu ya kuyakata vipande kwa mkasi uliokuwa mkobani. Mwenzangu alinishika mkono. Badala yake tulipita barabara yote ya mafundi pale Korogwe, baraza kwa baraza, tukiwaonyesha kile kilemba na kuwatajia duka. Wengine walishukuru. Wengine walisema walijua siku nyingi, na jibu hilo liliniuma kuliko yote.

Nyumbani tulifumua zipu kwenye zile sketi zilizoharibika tukazitumia kwenye mpya, kazi ile ile mara ya pili, bila malipo. Wasichana walirudi darasani, hata yule aliyejifungia, ingawa mama yake aliniambia jina alilopachikwa lilimfuata mpaka likizo.

Duka bado lipo. Wiki iliyopita nilipita pale nikielekea Kerenge kwenye msiba, nikaona wamelipaka rangi mpya. Tajiri alikuwa mlangoni, akanipungia mkono, "Karibu, mteja wangu!"