Mbuni wa Gunia la Unga

Juzi nilikuwa nyuma ya jukwaa, nimekaa juu ya kreti ya soda, nikimtazama msichana mmoja akiificha alama ya kiwanda kwenye bukta yake. Siku hizi nafuatana na kikundi cha ngoma. Nafua mavazi yao, natunga upya shanga zilizokatika, na tukiwa safarini napika. Siku hiyo watu wa televisheni walikuwa wamekuja kutupiga picha, na mmoja wao alipita akisema hataki kuona jina la kampuni yoyote chini ya zile sketi za katani. Basi wasichana wakageuziana migongo, wakaanza kubandikana utepe mweusi. Utepe ule ukivutwa unalia kriii, kama mlango wa jikoni.

"Mama, unacheka nini?" mmoja akaniuliza.

"Nawaonea wivu," nikamjibu. "Sisi hatukuwa na utepe."

Nawe rafiki yangu, kama ulikulia upande ule wa mashariki wa Nairobi, huenda ulivaa bukta kama yangu na hujawahi kumwambia mtu. Mimi nitasema.

Ilikuwa miaka ya sabini, Buruburu ikiwa bado inajengwa kipande kwa kipande, nasi watoto wa Maringo tukienda kuiba mchanga wa ujenzi wa kuchezea. Nyumba zetu zilikuwa zile za baraza la jiji, chumba kimoja, pazia katikati, bomba la maji nje ambalo lazima ulipangie debe kabla jua halijatoka. Baba alikuwa dereva wa lori na nyumbani tulimwona kama anavyoonekana mgeni. Aliyenilea ni nyanya yangu, ambaye nilimwita Susu kama wanavyofanya Wakamba wote. Alikuja kutoka kijijini na cherehani ya mkono, kinu cha kukobolea mahindi ya muthokoi, na sauti ambayo haikuhitaji kupandishwa.

Mlango wa pili aliishi mama mmoja wa kutoka magharibi. Mume wake alifanya kazi kwenye kiwanda cha mikate kule Industrial Area. Asubuhi upepo ukivuma kutoka upande huo, mtaa mzima uliamka na harufu ya mkate ambao wengi wetu hatungeula. Lakini magunia tuliyapata. Unga wa ngano siku hizo ulikuja katika magunia ya kitambaa cheupe cha pamba, na yakishakung'utwa yule baba aliyaleta nyumbani, mke wake akayagawa kwa majirani kama mtu anavyogawa mboga. Mtaani kwetu gunia la unga lilikuwa shuka, lilikuwa pazia, lilikuwa nepi. Kwangu mimi lilikuwa bukta.

Mbele ya kila gunia kulikuwa na maneno ya buluu, na chini ya maneno, mbuni mkubwa mwekundu anayekimbia, shingo mbele, miguu imetanuka. Maneno yalitoka baada ya kufuliwa mara chache. Mbuni alikuwa ameapa hatoki. Na Susu, kila aliposhona, alimweka mbuni sawasawa nyuma, pale pa kukalia. Nilimsihi amweke pembeni. Akaniambia pembeni pa gunia pamejaa matundu ya sindano, kitambaa kizima kiko katikati, na nguo hushonwa kwa mwili, haishonwi kwa macho ya watu. Nikaivaa. Chini ya sare ya shule nani angemwona mbuni?

Kisha ikaja ngoma.

Shuleni tulikuwa na mwalimu wa muziki, kijana mrefu kutoka Kakamega, mwenye filimbi iliyoning'inia shingoni hata akiwa msalani. Alituchagulia ngoma ya Ukambani, ile ya kuruka na kupinduka. Kilele chake ni pale wavulana wawili wanapomshika msichana kiunoni na miguuni, wanamrusha juu, anajikunja hewani, wanamdaka kabla filimbi haijanyamaza. Msichana huyo nilikuwa mimi. Nilikuwa mwembamba na sikuwa na woga. Darasani nilikuwa mtu wa kutazama dirishani, swali langu moja likizaa matatu hadi walimu wachoke, lakini kule juu, kwa muda ule wa kufumba na kufumbua, niliona bati za Maringo na matofali mekundu ya Buruburu kwa pamoja, na sikuwa na swali lolote.

Sasa, mwaka uliotangulia, shule yetu ilikuwa imeaibika. Mvulana mmoja alicheza na kaptula ya mpira iliyokuwa na jina la kampuni pajani, na katani ilipopeperuka jina likasomeka hadi viti vya nyuma. Mwamuzi alisimama mbele ya ukumbi mzima akauliza babu zetu walikuwa wakinunulia nguo duka gani. Watu walicheka hadi wakapiga viti. Mwalimu wetu hakuwahi kupona kicheko kile.

Kwa hiyo tulipovaa sketi za katani kwa mara ya kwanza mazoezini, wiki ya mashindano, na mimi nikarushwa juu, na katani zikafunguka kama mwavuli, mwalimu alipuliza filimbi papo hapo kusimamisha ngoma. Wengine walikuwa wameshaona.

"Mbuni!" mtu akapiga kelele. "Mbuni anaruka!"

"Mbuni haruki, bwana, mbuni anakimbia tu."

"Huyu karushwa. Ukimwacha anakimbia."

Hata wale wawili walionidaka walikuwa wakicheka, na karibu waniangushe. Mwalimu hakucheka. Aliniita kando, akazungumza akitazama viatu vyake. "Mimi mwaka huu sitaaibishwa na nguo ya ndani ya mtu. Ijumaa mwalimu wa kike wa darasa la pili atawakagua wasichana. Akiniambia huyo ndege bado yuko, atarushwa mwingine."

Mwingine tulimjua. Alikuwa msichana wa Buruburu, baba yake akifanya kazi ofisi ya serikali, na bukta yake ilikuwa nyeusi, ya duka, haina hata herufi. Ningependa kukwambia alikuwa na maringo, ningefurahi zaidi kusimulia. Hakuwa nayo. Jioni ile alinifuata hadi langoni akaniambia, "Mimi ninazo mbili. Chukua moja uvae, utanirudishia Jumatatu."

Nilikimbia hadi nyumbani na habari hiyo. Susu alikuwa anapepeta maharagwe mlangoni.

"Nguo ya kuazima haisitiri matako," akasema, hakuinua hata macho.

"Susu, ni ya siku moja tu."

"Na siku hiyo moja mamake akiitaka? Utavuliwa ukumbini? Lete hiyo bukta. Mbuni nilimleta mimi nyumbani humu, nitamtoa mimi."

Basi vita vikaanza. Alimloweka katika maji ya jivu. Alimsugua kwa sabuni ya kipande hadi vidole vikakunjamana. Alimkamulia limau akamwanika juu ya nyasi za ua, mimi nikikaa kando kuwafukuza kuku. Mama wa mlango wa pili akaja na chupa.

"Mafuta ya taa, mama. Mpake mafuta ya taa, huyo atatoka akikimbia."

"Nikishampaka mtoto atanuka stovu."

"Afadhali anuke stovu kuliko achekwe. Wacha nikuambie, kwetu dada yangu aliolewa na sketi iliyokuwa gunia la sukari. Tulisugua wiki nzima."

"Likatoka?"

"Halikutoka. Lakini alishaolewa."

Walicheka hadi Susu akajipangusa machozi kwa kanga. Mimi sikucheka. Mbuni alikuwa amepauka, amekuwa wa waridi badala ya mwekundu, na kwa namna fulani alionekana anakimbia kwa kasi zaidi. Tuligeuza bukta ndani nje, naye akaonekana upande wa pili, sasa akikimbilia kushoto. Ilikuwa Alhamisi jioni. Nilikwenda nyuma ya nyumba, nikakaa kwenye jiwe la kufulia, na kwa mara ya kwanza nikajiona nimesimama kwenye mstari wa nyuma nikipiga makofi, huku mwingine akiziona bati zangu.

Alinikuta pale fundi vinyago, mzee mmoja wa kwetu aliyechonga wanyama kule soko la Gikomba na kuja kuwamalizia mlangoni kwake. Sote tulijua siri ya kazi yake. Vinyago alichonga kwa mti mweupe, kisha akavipaka rangi nyeusi ya viatu, akavisugua kwa brashi hadi vikang'aa, na mtalii akavinunua akiamini amebeba mpingo.

"Nimesikia habari ya ndege," akasema. "Mimi nageuza jakaranda kuwa mpingo kila siku ya Mungu. Nitashindwa na kitambaa?"

Alichukua bukta, akaipaka rangi ya viatu kwa kitambaa, akaipitishia joto la jiko, akapaka tena, akaisugua kwa brashi. Mbuni akazama. Bukta ikawa nyeusi kuliko ile ya Buruburu, na iling'aa kama kiatu cha askari. Susu aliishika kwa ncha za vidole, akainusa.

"Haitatoka?"

"Itoke iende wapi? Vifaru vyangu vimefika Ulaya na havijatoka rangi."

Ijumaa mwalimu wa darasa la pili alinikagua nyuma ya mlango, akanitazama sana, akauliza kwa nini nanuka kiatu, na kabla sijajibu akaandika nimepita.

Fundi alikuwa amesahau jambo moja. Vinyago havitoki jasho.

Jumamosi ukumbi ulijaa hadi madirishani, na bati zilikuwa zikilia kwa jua. Susu alikaa mstari wa tatu na kitambaa chake kipya kichwani. Tulipoanza tu nilihisi bukta inalainika. Ngoma ilipopanda, wavulana wale wawili wakanishika kiunoni, nikasikia mmoja akinong'ona, "We, ni nini hiki?" lakini filimbi ilikuwa imeshalia na hakuna kurudi. Wakanirusha. Katani zikafunguka. Hapakuwa na mbuni, rafiki yangu. Palikuwa na weusi mtupu, na ukumbi ukavuta pumzi. Nikajikunja, nikashuka, wakanidaka mikononi na miguuni, na tulipojipanga kwa wimbo wa mwisho nikajitazama. Kwenye mikono yangu na kwenye miundi palikuwa na alama nyeusi za viganja vyao, vidole vitano vitano, vimetanuka, safi kama vilivyochorwa.

Mwamuzi, mzee wa suti ya kahawia, alisimama. Akanionyesha kwa kalamu.

"Mwalimu. Hizo alama za mikono. Tueleze."

Mwalimu wetu alipiga hatua moja mbele. Alinitazama, akawatazama wavulana waliokuwa wameficha viganja nyuma, akaushika ule uzi wa filimbi yake. Nilijua akisema ukweli, kicheko cha mwaka jana kitarudi, na safari hii kitakuwa changu.

"Ni desturi yao, mzee," akasema. "Msichana anayerushwa hubeba alama za mikono iliyomrusha. Ili ajulikane ana watu wa kumdaka."

Mwamuzi akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyelishwa vizuri. Alisema shule nyingi huleta ngoma bila kufanya utafiti, na kwamba leo ameona kitu ambacho hajawahi kukiona. Alisema kweli. Tulipata nafasi ya pili, na mwalimu akatununulia mandazi.

Nilirudi na Susu kwa miguu hadi tulipovuka Jogoo Road. Hapo akasimama, akajishikilia kwenye nguzo ya taa, akaanza kucheka taratibu, mabega yakitikisika.

"Nimezaliwa Ukambani," akasema, "nimecheza Ukambani, nimezalia Ukambani. Leo nimefunzwa mila yetu na mtu wa Kakamega."

Kisha akatema mate kwenye ncha ya kanga, akaanza kunifuta mkono, akaacha. "Wacha," akasema. "Zitatoka zenyewe."

Baada ya hapo miguu ilianza kuniwasha kwa hamu ya safari. Shule niliiacha kabla haijanimaliza, nikapanda malori ya watu waliomjua baba, nikafika nilikofika. Nimepika kwenye kambi za barabara, nimeuza samaki wakavu, nimejifunza kusalimia kwa lugha ambazo siwezi kuzitaja zote. Nilikuwa mbali Susu alipofariki, na habari ilinifikia ameshazikwa. Picha yake sina. Magunia ya kitambaa yalikwisha, unga ukaingia kwenye karatasi, halafu kwenye plastiki, na hakuna mtoto anayeweza kuvaa plastiki. Nilipopita Maringo mara ya mwisho, jiwe la kufulia halikuwepo, na mlangoni kwa fundi vinyago kijana alikuwa akiuza kadi za simu. Harufu ya mkate sikuisikia. Labda upepo haukuwa wa upande ule.

Basi juzi, nyuma ya jukwaa, utepe ulipokwisha kubandikwa, kiongozi wa kikundi, kijana wa jana tu, akaja na kopo la masizi yaliyochanganywa na mafuta. Akamwita yule msichana mwembamba ambaye wao humrusha. Kikundi hiki nimekaa nacho miezi michache tu, na ngoma ya Ukambani walikuwa hawajawahi kuicheza mbele yangu. Akachovya kiganja, akakibandika mkononi mwa msichana mara mbili.

"Hiyo ni ya nini?" nikauliza.

"Ni mila, mama," akasema kwa upole, kama unavyomweleza mzee asiyejua. "Anayerushwa anabeba mikono ya watu wake. Imekuwepo tangu enzi za mababu."

"Nani alikwambia?"

"Mwalimu wangu wa primary. Naye alifunzwa na mwalimu wake."

Nikavitazama vile viganja. Alikuwa amevibana vidole, na alikuwa ameviweka juu mno, karibu na bega.

"Shusha kidogo," nikamwambia. "Na vidole vitanuke. Anayedaka hafumbi mkono."

Akanitazama. "Kumbe unaijua?"

"Niliwahi kuiona, Maringo."

Akanipa kopo. Nikakunja mikono ya gauni, nikachovya viganja vyangu vyote viwili, na yule msichana akanyoosha mikono yake mbele bila kuniuliza kitu.