Neno la Pua

Pale bekari hakuna aliyemwita kwa jina lake. Aliitwa Pua, na sifa hiyo aliistahili. Hamira iliyochoka aliijua kabla kopo halijafunguka vizuri, na mkate unaotaka kuungua aliusikia akiwa nje anaanika vitambaa. Ndipo ukazuka utaratibu wao: asubuhi wifi yake, dada wa mumewe, anafungua mtungi wa gesi na kushika kiberiti, Pua anasimama mbele ya tanuri, anavuta hewa mara tatu kunusa kama gesi inavuja, kisha anasema, "Washa." Bila neno hilo njiti haiguswi. Miaka tisa, na hakuna hata nyusi ya mtu iliyowahi kuungua.

Kisha korona ikamlaza hospitali wiki tatu, oksijeni usoni, mumewe akichungulia kwenye kioo cha mlango. Akapona. Au tuseme aliruhusiwa kurudi nyumbani, maana hayo ni mambo mawili. Ngazi nane za bekari, ambazo zamani alizipanda na gunia begani, sasa alizipanda akipumzika katikati. Hilo kila mtu aliliona akampa pole. Ambalo hawakuliona ni kwamba pua yake ilikuwa imekufa. Kitunguu, sabuni, mkate wa moto, vyote kwake vilikuwa kama maji.

Hakumwambia mtu. Mkuu wa tanuri asiyenusa atabaki na kazi gani, kufagia? Akabuni ujanja wake. Alifika nusu saa kabla ya wifi, akafungua mtungi, akapaka povu la sabuni kwenye mpira wa gesi na maungio yake, akakodoa macho kutafuta viputo. Akiona salama alifunga, akafuta, akakaa kitini na uso mkavu. Wifi akifika, alivuta hewa yake mara tatu, asisikie kitu, akasema, "Washa." Hivyo kwa miezi kumi na moja.

Asubuhi hii kifua kilimgomea. Alisimama njiani mara tano akishika kuta za watu, na alipomaliza ngazi ya nane alikuta mlango wazi. Wifi alikuwa ndani. Mtungi mpya, ulioletwa jana, ulikuwa umeshafunguliwa. Madirisha yalikuwa yamefungwa ili unga usipeperuke. Njiti ilikuwa mkononi.

"Kumbe na wewe unachelewa! Leo nimepata la kukusema mwaka mzima," wifi alimtania. "Haya, tupe neno."

"Wewe husikii harufu yoyote?" Pua aliuliza akihema.

"Na mafua haya? Pua ni wewe, wifi yangu."

Alivuta mara ya kwanza: hakuna kitu. Ya pili iliishia kwenye kikohozi. Kabla ya ya tatu alimtazama wifi, mama wa watoto watatu, amesimama pale anangoja, hana wasiwasi hata chembe. Hapo ndipo roho ilipomuuma.

"Wa..." alianza, akajikatiza. "Weka kiberiti chini. Mimi sinusi chochote. Tangu hospitali."

Wifi alicheka, kisha akaacha. Alikiweka kiberiti mezani taratibu mno. Wakafungua madirisha yote, Pua akaleta bakuli la sabuni, wakapaka povu na kuinama, vichwa vikigusana. Povu lilitulia. Hakikutoka kiputo hata kimoja. Mtungi ulikuwa mzima.

"Miezi yote hii nawasha kwa neno lako," wifi alisema bila kuinuka.

"Nilikuwa napaka sabuni kabla hujafika."

"Kila siku?"

Pua alitamani kusema ndiyo.

"Isipokuwa mbili," alisema. "Pumzi iliniishia njiani, nikakukuta mlangoni."

"Na ukasema washa."

"Nikasema."

Wifi alijifuta mikono kwenye aproni, akaifuta tena ingawa ilikuwa mikavu. Alikuwa analia, na kwa hasira. Akachukua kiberiti, akakitia kiganjani mwa Pua na kumkunja vidole.

"Leo unawasha wewe," alisema. Lakini hakurudi nyuma. Alisimama bega kwa bega naye mbele ya tanuri, akavuta makamasi. "Na neno nalitoa mimi. Washa."

Njiti ya kwanza ilimvunjikia Pua mkononi, na ya pili pia.