Vibanio vya Kamba ya Nguo

Mume wangu ni fundi redio, na tangu nimjue hufanya kazi kwa mikono miwili na meno. Mkono mmoja umeshika chuma cha moto, mwingine redio, na waya wa risasi wa kulehemu ameubana menoni, anausogeza kwa ulimi kadiri unavyoyeyuka. Nilimkataza mpaka mdomo ukachoka. Mbishi yule, tena anajua kujifanya hasikii.

Mwaka huu mifupa ikaanza kumsumbua. Akawa anaamka ameshika kiuno, tumbo linamsokota, halafu mkono ukavunjika kwa kuvuta tu mlango uliokwama. Daktari akampima damu, akatueleza kwamba mwili huidhania ile risasi ya waya kuwa madini ya mifupa, unaihifadhi humo miaka na miaka, na mfupa unadhoofika. Akasema aache kuitia mdomoni, atumie dawa, nafuu itakuja polepole. Nikashusha pumzi, maana kichwani nilishamzika.

Yeye wala. Akauliza, "Na mtu akiwa mjamzito?"

Daktari akasema risasi iliyo kwenye mifupa ya mama huweza kutoka ikamfikia mtoto. Binti yetu anafanya kazi na baba yake meza moja tangu amalize shule, na mimba yake ilikuwa imeanza kuonekana.

"Nimemfundisha mwenyewe," mume wangu akasema. "Kwa meno yangu haya."

Binti naye akapimwa. Tulipokuwa tunasubiri majibu, mzee hakula, na mimi nikawa nagombana na kila kitu, hata na vibanio vya nguo vilivyokuwa vikipotea kambani kila mara. Hatimaye tukaitwa. Risasi ilikuwepo kidogo mno, ya moshi wa kibanda chao cha kazi. Daktari akamwambia aiache ile meza mpaka ajifungue, hakuona cha kumtia hofu. Mume wangu akalia mbele za watu, hata hakujifuta.

"Sasa waya ulikuwa unaushikaje?" akamuuliza.

Binti akainama. "Kwa kibanio cha mama. Nakupenda, baba, lakini waya uliotoka kinywani mwako niutie mwangu? Hapana."

Jamani, nilicheka! Tulipofika nyumbani nikapitia uani, nikachomoa vibanio vyote kambani, nikammwagia mzee mezani. Nguo zikadondoka chini, nikaziacha.