Maji ya Kijivu

Mpaka leo nikiosha sufuria lenye majivu, maji yakianza kugeuka rangi, nageuza uso. Wajukuu wananicheka, eti bibi anaogopa maji machafu. Nawaacha wacheke.

Vita vikubwa vilikuwa vimekwisha, nami nilikuwa bado kijana, nimetoka Kahama kumfuata mume wangu kwenye mgodi mmoja upande wa Geita. Alichimba dhahabu chini ya ardhi, katika shimo la zamani kuliko yote. Sisi wake wa wachimbaji tulifulia kwenye kijito kimoja nyuma ya kambi, na pale hapakuwa na siri. Nguo ya aliyeshuka shimoni hutoa maji ya kijivu, kwa vumbi la mwamba. Nguo ya aliyeshinda juu hutoa maji mekundu, udongo wa kawaida. Ukitaka kujua nani ana kazi na nani hana, tazama maji yanayotoka kwa jirani yako.

Kisha mwamba wenye dhahabu ukaisha. Wenye mgodi wakazima pampu ya lile shimo la zamani, maji yakaanza kupanda humo ndani, na waliolichimba wakaambiwa waende zao. Shimo jipya walilofungua lilihitaji watu wachache tu. Mnyapara mmoja akatangaza kwamba walioachishwa ni wavivu. Nilichukia sana. Uvivu gani huo unaowashika watu wote siku moja?

Mume wangu hakuniambia kitu. Kila asubuhi alichukua taa yake ya karabai na kopo la michembe, vile viazi vikavu vya kwetu, akaaga kama kawaida, na jioni akarudi na matope kwenye nguo. Niliposugua suruali yake kijitoni, maji yakatoka mekundu. Nikajua. Alikuwa akisimama kwenye geti la mgodi kuomba kazi, na akikosa anajipaka udongo wa kichuguu ndipo arudi nyumbani. Roho iliniuma sana, lakini nilinyamaza, mimi ambaye mdomo wangu haujui kupumzika. Tangu siku ile nilikwenda kufua na majivu ya jikoni nimeyafunga kwenye pindo la kanga, nikayachanganya kwenye maji ili majirani wasijue.

Niliogopa wajue, kwa sababu karani wa boma alikuwa akipita nyumba kwa nyumba na tarishi wa mtemi, kuhesabu wasio na kazi. Kambini zilienea habari kwamba watakaohesabiwa watapelekwa wakawe manamba kwenye mashamba ya katani huko Tanga, na tuliwajua wake walioachwa hivyo, wakingoja tu. Karani aliuliza kila mlangoni: mume ana kazi? Kama hana, anatafuta? Aliyechoka kusimama getini hakumhesabu kabisa, eti huyo hataki kazi. Alipofika kwangu niliweka mikono kiunoni nikamwambia mume wangu yuko kazini. Akatazama beseni la maji ya kijivu nililoliweka makusudi mlangoni, akaridhika, akaenda zake.

Siku chache baadaye nilikuwa nafua shati lake, na kabla sijafungua fundo la majivu, maji yakatoka ya kijivu yenyewe. Nikasugua tena. Kijivu. Nikajisemea kapata, jamani, mume wangu kapata kazi! Nilifurahi hadi machozi yakanitoka. Jioni nikachinja jogoo. Yeye alikula kidogo sana, akinitazama, nami nikamuuliza kama wamemrudisha.

"Nimerudi shimoni, mama watoto," akasema.

Hakusema shimo lipi, wala sikuuliza. Kesho yake hakurudi.

Kulipokucha nilikwenda kumtafuta. Kopo lake la michembe lilikuwa limetundikwa kwenye uzio wa shimo la zamani, lile lililozimiwa pampu. Kumbe alikuwa akishuka humo peke yake kugonga mabaki ya mwamba. Nikainama mdomoni mwa shimo nikamwita. Nilisikia maji tu.

Nikakimbilia getini nikawaomba wawashe pampu wamtoe, hata kama ni wa kuzika. Mlinzi, Msukuma mwenzangu, alikwenda kuuliza ndani, akarudi ameinamisha kichwa. "Mayu," akaniita, yaani mama kwa Kisukuma, "wanasema watu wao wote wametoka salama. Huyo si mtu wao."

Nikaenda kwa karani. Naye akasema katika daftari lake mume wangu amehesabiwa kuwa mwenye kazi, kwa hiyo niwaulize wenye mgodi. Huku si mtu wao, kule si mtu wao. Pampu haikuwashwa, na maji yakaendelea kupanda mpaka ukisimama kwenye uzio unayaona yanang'aa. Ndugu zangu walikuja kutoka Kahama kunichukua, nikakataa. Ningemwachaje pale peke yake?

Miaka ikapita, kukaja kuhesabu kwingine. Safari hii alikuja karani kijana, mpole, akaniamkia shikamoo mama, nikaitikia marahaba. Nilikuwa nafua. Akauliza mwenye nyumba yuko wapi, na je, ana kazi au hana. Nikakamua nguo iliyokuwa mkononi.

"Yuko kazini," nikamwambia.

Akauliza huwa anarudi saa ngapi, ili amsubiri. Nikamtolea kigoda, tukakaa kumngoja.