Siku Shangazi Alipong'oa Dhamana

Kwa miaka kumi na moja shangazi yangu amemwagilia vitunguu kwa ndoo. Anashuka mtoni, anapanda, anashuka tena. Bega la kulia limeota sugu kama kisigino. Alichokuwa anakitaka ni pampu, na pampu ilihitaji mkopo.

Benki ya kwanza ilitaka hati ya shamba. Shamba ni la ukoo, hati hakuna. Ya pili ilitaka karatasi ya mshahara. Shangazi akawauliza kama wamewahi kuona kitunguu kinalipwa mshahara, wakamwomba awapishe wenzake kwenye foleni.

Ya tatu ilikuwa na afisa mikopo kijana, mwembamba, suruali imenyooka pasi. Akasema, "Mama, dhamana yako itakuwa vitunguu vyenyewe. Ijumaa nakuja kuviona."

Nilikuwepo, nimeshika mkoba wa shangazi. Alisema "kuviona", basi, hakuongeza neno.

Alhamisi asubuhi shangazi akaanza kuhangaika. Tulikuwa ukingoni mwa shamba.

"Vimejificha chini hivi, mtu wa ofisini ataona nini? Ataona majani. Ataandika mama ana majani."

"Si atainama," akasema mumewe.

"Na ile suruali?"

Tukang'oa. Matuta yote ishirini na mawili, na vilikuwa vimebakiza siku kumi tu vikomae. Tukavifuta kimoja kimoja kwa kitambaa, tukavipanga sebuleni, vidogo sakafuni, vikubwa kwenye viti kama wazee wa kikao.

Ijumaa afisa akaja na pikipiki. Akasifu, akasogeza vitunguu vitatu, akakaa.

"Vizuri sana, mama. Sasa twende shambani nikapige picha ya dhamana."

"Dhamana si ndiyo hii hapa? Hata moja umeikalia."

Akainuka taratibu, akaitoa. "Mama, haya ni mavuno. Fomu inataka mazao yaliyo ardhini."

Kisha mume wa shangazi akashika mwimo wa mlango. "Mke wangu ameng'oa dhamana," akasema. "Ameing'oa, halafu akaifuta vumbi." Akacheka mpaka akateleza chini. Mimi nikauma kanga.

Shangazi hakucheka. Alikuwa anaitazama ile fomu, na nilijua anaiona pampu ikiondoka mgongoni mwa pikipiki.

"Baba," akamwambia afisa, "kuhesabu unajua?"

"Ndiyo kazi yangu, mama."

"Basi njoo uhesabu mashimo."

Tukashuka shambani na kikapu cha vitunguu. Udongo ulikuwa bado na unyevu, na kila kitunguu kilikuwa kimeacha kibakuli chake, mstari kwa mstari. Afisa akakuna shingo. "Lakini mashimo mtu yeyote anaweza kuchimba."

"Chagua moja."

Akanyoosha kidole. Shangazi akalitazama lile shimo, akapekua kikapu, akatoa kitunguu, akakikalisha. Kikaingia kama mguu kwenye kiatu chake.

"Bahati hiyo," afisa akasema. Akachagua jingine, mbali. Kikaingia. Akaenda tuta la mwisho kabisa, akaonyesha kishimo kidogo, kilichopanuka upande mmoja.

"Huyo alikuwa na pacha," shangazi akasema, akatoa kitunguu chenye vichwa viwili.

Hapo afisa akapiga magoti, suruali na pasi yake yote, akataka kujaribu mwenyewe. Alikosea mara nne. Mume wa shangazi akamzomea, "Mwenzetu anavalisha mtoto kofia ya babu!" Wakawa wanacheka wote watatu, wamejaa udongo, wakihesabu kwa sauti na kupotea hesabu na kuanza upya.

Kisha afisa akampigia mkubwa wake. "Mkuu, niko kwenye mashimo. Hapana, hajaibiwa. Ameving'oa mwenyewe. Kwa ajili yangu, mkuu, nisichafuke." Kwenye simu tukasikia mtu anacheka hadi anakohoa.

"Andika hesabu kama zilivyo," sauti ikasema, "na piga picha ya mashimo na ya sebule. Na huyo mama asing'oe kitu kingine mpaka nisaini."

Akasaini. Pampu ilifika Jumanne ya wiki ya tatu. Fundi alipoiwasha, mpira wa maji ulimponyoka shangazi, ukaruka huku na huku, ukatulowesha sisi, kuku, na fundi mwenyewe. Shangazi akaufukuza, akaukumbatia, akakaa nao kwenye tope akicheka bila sauti.

"Nizime, mama?" fundi akauliza, anajifuta macho.

"Thubutu uiguse," akasema.